Kipande cha Tatu cha Nyumbu Mwenye Haya

Molle Pampa, Tarija
Jumapili, 8 Februari

Kwa dada yangu Delmira, na komadre wangu tangu ulipombeba Ximena kwenye ubatizo wake,

Ijumaa iliyopita Baba alitamka, mbele ya kipaza sauti na watu wote waliojaa uwanja wa kanisa, kwamba "Nyumbu Mwenye Haya" ina vipande viwili. Viwili tu, alisema, na cha tatu hajawahi kukijua. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nisipolitoa kwanza litaniharibia salamu zote.

Sasa salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Anselmo, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu walipokuondoa kwenye kukata zabibu wakakuweka kwenye kufungasha. Sisi huku hatujambo. Ximena amenipita kwa urefu na ananiangalia utosini ninapomgombeza. Anakuamkia sana mama yake wa ubatizo. Baba anakula, analala na anabishana. Mkono wake wa kushoto bado mzito kama ulivyobaki baada ya kiharusi, lakini ulimi haukuguswa hata kidogo, na ndiyo sababu ninakuandikia.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu unaikata kila nikimtaja Baba. Barua hii naipitisha mikononi mwa mwenzako wa kazini anayerudi huko Mendoza Jumanne, na ameahidi kusimama mbele yako hadi uimalize.

Kisa chenyewe kilianza Novemba. Kamati ya urithi iliamua kuusajili wimbo wetu. Ukishasajiliwa utafundishwa shuleni na utapigwa katika maandamano ya Pasaka jinsi ulivyosajiliwa, si vinginevyo. Aliyetumwa kuja kukusanya maelezo ni Bwana Wálter Ichazo, mtu mpole, msikivu, mwenye viatu visivyofaa kabisa kwa tope letu. Kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari na ni binti wa mpiga fidla, watu wa kijiji walinichagua nimsaidie. Nilikubali. Ningekuwa na akili ningesema naumwa.

Unajua kilichokuwa hatarini. Kipande cha kwanza ni cha kwenda, cha pili ni cha kuzunguka duara, na cha tatu, Marejeo, ndicho kinachowarudisha watu chini ya matao ya maua asubuhi ya Pasaka. Tangu Baba aumwe, Pasaka mbili zimepita bila Marejeo. Don Teófilo hupiga vipande viwili vya mwanzo, watu wanafika tao la mwisho, fidla inanyamaza, na kila mmoja anabaki kashikana mkono na jirani yake bila kujua aelekee wapi, kama foleni iliyofungiwa dirisha. Mwaka jana ilibidi padri awaambie waende nyumbani wakanywe chai. Kama kamati ingesajili vipande viwili, hali hiyo ndiyo ingekuwa desturi, na baada ya miaka michache wangetokea wa kutuambia kwamba kusimama pale kama mbuzi kuna maana kubwa ya kiroho.

Utauliza pia kuhusu rekodi. Nami niliuliza. Kila simu ya bonde hili ina Marejeo, na kila moja ina fataki, ngoma, na shangazi wa mtu anayeimba beti zake juu ya fidla kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Nilizipeleka zote kwa fundi mmoja wa redioni. Alisikiliza asubuhi nzima, kisha akaniambia kwamba anachosikia vizuri ni mbwa.

Basi nikazunguka na Bwana Ichazo nyumba kwa nyumba kutafuta historia ya wimbo. Dada, sijawahi kufanya kazi ya kuchosha kama ile, na nimewahi kuripoti uchaguzi. Bwana Ichazo alikuwa na yake tayari kabla ya kumsikiliza mtu: wimbo uliletwa na mapadri kutoka Italia. Ushahidi wake ni kwamba mapadri walikuwepo. Don Teófilo alisema ni wa babu wa babu yake, mchunga nyumbu, aliyefika mtoni na nyumbu wake akagoma kuvuka kwa kuona haya ya sura yake majini. Yule mzee akakaa juu ya jiwe, akapiga fidla mpaka mnyama akajisahau na kuvuka. Nilimuuliza ni mto gani. Alinionyesha Guadalquivir, pale ambapo hata kuku anavuka bila kulowesha mapaja. Akasema zamani ulikuwa na maji. Upande wa kanisani wanashikilia kwamba wimbo ulirudi na askari kutoka vita vya Chaco, umepigwa kwenye fidla ya bati. Katika kila simulizi yumo nyumbu, na katika kila simulizi nyumbu ni wa ukoo wa msimuliaji.

Ninachoweza kuthibitisha ni kidogo. Nyanya yetu aliolewa kabla ya vita hivyo, na maisha yake yote alisema aliingia kanisani na wimbo huo. Kwa hiyo si askari waliouleta. Waliokwenda kukata miwa Argentina waliondoka nao, na huko unapigwa kwa kodiani. Leo mashabiki wa mpira wanauimba wakifungwa, muuza barafu wa sokoni anautumia kuita watoto, na karani wa benki ameuweka kwenye simu yake, kwa hiyo nimeusikia zaidi nikiwa kwenye foleni kuliko nilivyousikia kwenye harusi. Niliwauliza watu kwa nini wanaupenda. Wengi walinijibu kwamba ni wa kwao, jambo ambalo si jibu. Muuza barafu peke yake alisema la maana: kwamba ni wimbo ambao hata aliyelewa hawezi kuukosea miguu. Nikaandika hilo. Bwana Ichazo akaniomba nilifute.

Baada ya historia ikabaki kurekodi, na hapo ndipo tulipogonga ukuta. Ilikuwa Januari, mvua zimeanza, zabibu zinajaa. Unajua mwenyewe: msimu huu ni wa kupiga pembe, na fidla inabaki msumarini mpaka Pasaka, maana ukiipiga sasa unaiita mvua ya mawe juu ya mizabibu. Bwana Ichazo amezaliwa mjini lakini si mgeni wa nchi hii, alijua. Alichofanya ni kutabasamu na kusema kwamba tarehe ya mwisho ya kamati haijui msimu. Alimwomba Baba. Baba akamwambia kwamba hata mkono ungekuwa mzima asingepiga, na kwamba kama kamati ina mizabibu yake basi ikapigie huko.

Akamwendea Teófilo. Nilikuwepo, nikajaribu kumzuia Teófilo, si kwa sababu naamini mawingu yana masikio, bali kwa sababu najua majirani wanayo. Akaniambia nitulie, amepata njia. Njia yenyewe ilikuwa kujifungia ghalani, kuziba dirisha kwa godoro, kutundika blanketi mlangoni juu na chini, na kupiga polepole, vipande viwili, mara moja tu. Mke wake alisimama nje kuhakikisha hakuna sauti inayotoka. Alisema hakusikia kitu. Bwana Ichazo alitoka mle ndani akitiririka jasho, na kifaa chake kimerekodi, kwa maelezo yake mwenyewe, kitu kinachofanana na nyuki ndani ya kabati.

Mchana uleule mawe yalianguka. Yalianguka kwa Teófilo, yakaruka barabara, yakaacha shamba letu bila jani kuchanika, yakaendelea upande wa mtoni. Mimi huripoti mvua ya mawe kila Januari, na kila Januari huanguka mahali. Nilijaribu kulieleza hilo dukani. Waliniangalia kwa huruma. Mama mwenye duka aliniambia, "Wewe Nieves umesoma, lakini mawingu hayakusoma na wewe." Teófilo mwenyewe hakubisha wala hakulalamika. Alikaa mlangoni kwake akiangalia mizabibu iliyopukutika, na kila aliyepita alimuuliza kama angependa kukopeshwa blanketi jingine.

Baada ya hapo hakuna mpiga fidla katika bonde zima aliyekubali hata kufungua sanduku. Kamati ikaamua kwamba itatosha ushahidi wa mdomo: mpiga fidla mkuu wa kijiji aseme hadharani wimbo una vipande vingapi na vinafuatana vipi, na sauti yenyewe itarekodiwa Pasaka ikifika. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba hapa sasa hapana cha kuharibika. Baba atasema vitatu, ataeleza Marejeo yanavyoanza, na Pasaka tutajua cha kufanya, hata kama ni kumfundisha Teófilo noti moja moja kwa kidole.

Ndipo Ijumaa ikafika, na Baba akasema viwili.

Watu wakaanza kuzomea, si kwa hasira sana, kama wanavyomzomea mwamuzi wa mpira. Mmoja akapaza sauti kwamba yeye mwenyewe ameposa mke wakati wa Marejeo, je, mke huyo naye hayupo? Mwingine akauliza kama kiharusi kimehamia kichwani. Bwana Ichazo akamuuliza tena, kwa upole, kama ana hakika. Baba akajibu kwamba aliulizwa mara ya kwanza kwa Kihispania na amejibu kwa Kihispania. Akavaa kofia yake akashuka jukwaani. Teófilo, kompadre wake, akamkamata kiwiko ili asianguke, akamwambia polepole, lakini kipaza sauti kilikuwa bado wazi: "Kompadre, mimi nimepoteza zabibu kwa ajili ya huu wimbo. Wewe umeshindwa kupoteza neno moja?"

Nilimpeleka nyumbani. Nilikuwa na hasira ambayo sijaipata tangu nilipoacha sigara. Miaka yote nimekaa na watu wanaodanganya mbele ya kipaza sauti, mawaziri, madiwani, na mtu mmoja aliyedai ng'ombe wake anatabiri. Nimezoea. Sikuzoea kuona Baba anafanya hivyo kuhusu kitu ambacho watu mia kadhaa wamekicheza kwa miguu yao.

Jana asubuhi tulikuwa jikoni tunakwangua mahindi mabichi kwa ajili ya humita. Yeye anashika gunzi kwa mkono mmoja na kulibana kwa kiwiko cha ule mwingine, na ukijaribu kumsaidia anakufokea. Nikamwambia kwamba ninaandika habari ya Ijumaa kwa ajili ya gazeti la Jumatatu, na kwamba nitaandika alivyosema, na chini yake nitaandika kwamba si kweli. Nikamwambia ana nafasi ya kunipa sababu kabla sijaandika, kama ninavyompa mtu mwingine yeyote.

Akaendelea kukwangua. Halafu akasema, "Siwezi kusajili kitu cha mtu."

Nikamuuliza cha nani.

"Cha Delmira."

Dada, wewe unajua. Umejua miaka yote hii, na mimi naandika kana kwamba nakupa habari. Lakini acha niandike alivyonieleza, ili uone kama kasema kweli, maana Ijumaa imenifundisha kutomwamini.

Alisema ilikuwa Kwaresima, yeye kalala na homa, na Mama yuko kwa dada yake San Lorenzo. Ukaitungua fidla msumarini, ukafunga mlango wa jikoni, ukapenyeza kitambaa chini ya nyuzi, ukaanza. Alitaka kuinuka akunyang'anye. Ulipiga cha kwanza, ukapiga cha pili, na badala ya kuacha ukaendelea mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akabaki kakaa kitandani. Ukarudia kesho yake, na siku iliyofuata, kila mara ukinyoosha mahali palipokuwa pamekwama. Alisema alijifunza Marejeo kupitia ukutani, na homa yake.

Alhamisi ya wiki ile mawe yalianguka upande wa chini wa mto, kwenye shamba la baba yake Teófilo. Wanaume wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kuuliza ni nani aliyegusa fidla katika Kwaresima. Wakaja na kwetu. Baba aliwaambia fidla yake iko msumarini na yeye mwenyewe yuko kitandani, wanaweza kumpapasa paji la uso. Hawakuuliza kuhusu msichana, kwa sababu msichana na fidla havikuwa vinakaa katika kichwa kimoja. Baba akaona kwamba siku watu wakijua Marejeo ni yako watahesabu nyuma, watafika kwenye wiki ile, na utaitwa mwita mawe mpaka uzeeni.

Pasaka ikafika, akayapiga. Hakukuonya wala hakukuomba. Anasema alidhani utafurahi. Watu waliporudi chini ya matao wakilia na kucheka wakamuuliza kayatoa wapi, akanyamaza, wakasema ni ya Casiano mwenyewe, naye akaendelea kunyamaza.

Nakumbuka asubuhi ile. Nilikuwa nimeshika mkono wako wa kushoto katika duara. Marejeo yalipoanza uliuachia mkono wangu, ukatoka mstarini, ukaenda nyumbani. Nilidhani umekula mayai mengi. Mwezi wa tano ukaondoka, na mimi tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila anayeuliza kwamba ulimfuata Anselmo. Maskini Anselmo. Mnisamehe wote wawili.

Nilimuuliza Baba kwa nini hakusema baadaye, wazee waliopita mlango kwa mlango walipokwisha kufa. Alisema alikuwa anakulinda. Nikamwambia hilo naliamini nusu. Akamaliza gunzi, kisha akasema kwamba pia alipenda kuitwa mtunzi. Hilo naliamini lote. Akasema ndiyo maana hakumfundisha Teófilo wala mtu mwingine, ingawa waliomba na kuomba: kupiga alijipa ruhusa, kugawa hakuthubutu. Na sasa vidole vyake vimesahau. Anakumbuka mwanzo na anakumbuka mwisho. Katikati, anasema, panampotea kama ndoto ukishaamka.

Nilikasirika naye. Kisha nikakukasirikia wewe, nadhani kwa haki. Kila mwaka nimekupigia simu kukusimulia Pasaka ilivyokuwa, nani alicheza, nani alianguka, na Marejeo yalivyopendeza, nawe ukaniuliza bei ya nyanya. Ungeweza kusema. Mimi nalipwa kuuliza maswali, lakini hata mimi nahitaji mahali pa kuanzia.

Mwisho nikamkasirikia Ximena. Alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza, akasema kwa utulivu kwamba mama wa ubatizo huimba Marejeo kwa pua anapoosha vyombo, yote, mwanzo hadi mwisho. Alikusikia mwaka jana alipokuja kwenu Mendoza. Nikamuuliza kwa nini hakusema wakati mimi na fundi tunasikiliza mbwa. Akasema alidhani kila mtu anayajua.

Kwa hiyo yapo. Yako kwako, kwenye sinki.

Baba aliniruhusu kuwaambia watu wawili. Wa kwanza ni Teófilo, kwa sababu shamba lililopigwa mwaka ule lilikuwa la baba yake, na Baba aliona afadhali alisikie kutoka kwetu. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Alinisikiliza hadi mwisho, akafikiri, akauliza kama kweli uliweka kitambaa chini ya nyuzi. Nikasema ndivyo nilivyoambiwa. Akasema basi ulijitahidi, pasingekuwa na kitambaa mawe yangekuwa makubwa zaidi. Halafu akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu zabibu zake zipukutike. "Mimi nimeziba mlango kwa blanketi na godoro, na bado nimepigwa," alisema. "Nitamlaumu nani?" Amesema uje ujifunze kwake jinsi ya kutoziba ghala.

Wa pili ni Bwana Ichazo. Huyu ndiye aliyemaliza subira yangu. Nilimpigia nikadhani atafurahi. Akasema kuna tatizo: wimbo wa jadi hauwezi kuwa na mtunzi aliye hai. Ikijulikana kwamba kipande cha tatu kimetungwa na mwanamke anayefungasha zabibu Mendoza, basi hicho si cha jadi, na kamati itabaki na viwili. Nikamuuliza anadhani vile viwili vilitungwa na marehemu wakiwa tayari marehemu. Nilimsikia akisogeza kiti. Nikamwambia kwamba kizazi kizima cha bonde hili kimeoana, kimegombana na kimerudi nyumbani kwa kipande hicho, na kama hiyo si jadi anipe neno jingine niliandike gazetini kwa jina lake. Akasema hapendi jina lake litokee gazetini. Baada ya hapo tukaelewana. Faili litabaki wazi mpaka Jumatatu baada ya Pasaka. Wimbo utasajiliwa na vipande vitatu kwa masharti mawili: Marejeo yasikike yote, kwa fidla, mahali pake, na Baba aifute kauli yake ya Ijumaa kwenye kipaza sauti kilekile.

Baba amekubali. Nilimwambia kwamba kuniambia mimi jikoni hakuhesabiki, lazima aseme uwanjani, na ataje jina lako lote. Amesema atasimama kwenye tao la kwanza kabla hujaanza, aseme ni ya nani na aliyanyamazia vipi, kisha akusogezee njia upite mbele. Mpiga fidla ndiye hutangulia chini ya matao, na hakuna mwanamke aliyewahi kutangulia hapa. Nilimuuliza watu watasemaje. Alijibu kwamba watasema sana, na ndiyo kazi yao.

Sikuandiki ili umsamehe. Hilo ni lenu wawili, na mimi nimekwisha kutosheka na mambo yenu wawili. Nakuandikia kwa sababu Marejeo yakikosekana Pasaka hii yatasajiliwa kwamba hayapo, na Baba ana miaka mingapi mbele yake sijui, wala daktari hajui. Kama hutaki kumsemesha, usimsemeshe. Piga, ushuke, unywe chai, uondoke. Lakini jana jioni alimwagiza Ximena aombe singa za mkia wa farasi mweupe wa padri, na leo tangu atoke kanisani anazifunga kwenye upinde wa fidla, mkono mmoja na meno, na ole wake atakayemsogelea kumsaidia.

Jambo moja tu. Usije ukafanya mazoezi kwa upinde kabla ya Pasaka. Unanijua, mimi siamini, na sijui kama mawingu ya Mendoza yanafuata sheria za huku. Lakini zabibu za Baba bado ziko shambani, na za Teófilo zilizosalia, na huko kwenu pia mavuno hayajaisha. Fanya mazoezi ya vidole peke yake. Na usiniimbie kwenye simu.

Alhamisi hii ni siku ya Makomadre kupelekeana vikapu. Kikapu chako nimekwisha kukitengeneza, keki, maua, mapichi na jibini, na kwa kuwa hupo nitakula mimi mwenyewe kwa niaba yako na kukutakia heri kwa kila tonge. Msalimie shemeji Anselmo na umwambie nilimsingizia. Ximena anasema nikukumbushe kandambili ulizomuahidi. Teófilo na mke wake wanakusalimu. Baba yuko hapa mezani na singa zake. Nimemuuliza kama ana salamu. Amesema atazitoa mwenyewe.

Basi la kutoka mpakani Bermejo linaingia Tarija Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili, saa moja asubuhi, nitakuwa kituoni. Maandamano ni Jumapili tarehe 5, saa kumi na mbili alfajiri, na tao la kwanza mwaka huu linajengwa mlangoni kwetu.

Mdogo wako na komadre wako,

Nieves Gareca